Inayoelea

Mikrogramu mbili kwa kila mililita.
Nimeandika hivyo daftarini kwa kalamu ya bluu, Jumanne,
katika maabara yetu ya Ligula, chumba kimoja na nusu,
ambayo mlango wake hukwama masika.
Seli ni za ini. Dawa inaitwa puromaisini,
aliitunga bakteria wa udongoni
anayeishi kwa kuwaharibia jirani zake kazi.

Kazi, naam. Haina kisu.
Nangunde, mwanafunzi wa fildi, aliniuliza inauaje,
nikamchukua kwa maneno hadi ghala la korosho,
siku ya kupakia:
makuli kwenye foleni, kila mmoja na gunia lake,
karani anapokea, gunia linafungwa kwa gunia,
hadi mzigo utimie. Protini hujengwa hivyo.
Sasa anaingia kuli mmoja, sare ileile, beji ileile,
karani hana sababu ya kumtazama usoni.
Anaishika kamba ya mzigo wote
anatoka nao nje, haujafika nusu,
na wala haupeleki popote.

Nangunde akacheka. Kisha:
"Na karani?"
Karani anaanza upya. Anaibiwa tena.
Seli hufa hivyo, imejaa vipande
vya maneno iliyotaka kuyamaliza.

Zile tulizozipa jeni hazifi.
Jeni mbili, tumezifunga kamba moja kama mbuzi:
mmoja ndiye tunayemtaka,
mwingine anajua kumvua kuli yule sare.
Wa kwanza haonekani. Tunamjua kwa mwenzake,
kwa kuwa nyumba bado ina moshi.

Sahani ya tatu haina jeni.
Kazi yake ni kufa yote.
Chakula kilekile, joto lilelile, nyuzi thelathini na saba,
nimeitunza kama nyingine
ili ife mbele yangu, nami niziamini nyingine.
Tunaiita kidhibiti. Sijapata jina lenye adabu zaidi.

Mama yangu, kule Nanyamba, huchagua mbegu kwa ndoo.
Anamwaga korosho majini, anasubiri.
Inayozama ataipanda.
Inayoelea anaiondoa kwa kiganja, bila hasira.
Nilimwambia hata seli zangu, zikifa,
huiachia sakafu ya sahani zikapanda juu,
mviringo, zinang'aa chini ya hadubini.
Hakushangaa. "Kwani maji yana elimu mbili?"

Alhamisi umeme ulikatika saa nane usiku.
Jenereta ikaja kuwaka kumekucha.
Friza ilikuwa inatoa jasho, na kichupa cha dawa
kililala upande, laini, kama mtu aliyeamshwa vibaya.

Ijumaa nikaitazama sahani ya tatu.
Zinaelea. Zinaelea. Zinaelea,
na pembeni kabisa, karibu na ukuta wa plastiki,
kumi na nne
zimeng'ang'ania sakafu.
Sikuwa nimezipa chochote.
Nikahesabu tena, nikitumaini hesabu yangu ni mbovu.

Dokta Mkwavila anataka picha Jumatatu.
Sahani mbili za kwanza zimependeza, huwezi kuzilaumu.
Ningeisogeza ya tatu kidogo tu, unene wa unywele,
na zile kumi na nne zisingekuwepo.
Picha ingesema kweli
kuhusu pale ilipopigiwa.

Kidole kilikuwa juu ya kirungu. Nasema, kilikuwa pale.

Kisha nikaandika: Kidhibiti hakijafa.
Dawa imechoka, au mkono wangu. Rudia.
Nangunde akaleta jiki.
Rangi ya waridi ikafifia, ikawa maji matupu,
sahani zote tatu, na wiki yetu.
"Hata zile zilizokuwa nzuri?"
Sikumjibu. Nilikuwa naandika tarehe
kwenye kichupa kipya, kwa wino usiofutika.

Jioni mama akapiga. Mvua imeanguka Nanyamba,
mashimo yako tayari, ndoo iko barazani.
Nikamwuliza zimezama ngapi.
"Mbona una haraka?" akasema.
"Ndiyo kwanza nimezimwaga."